Elimu ya Samaki kwa Vijana wa Nyanda za Juu

Leo twataka kusema nanyi habari za kazi moja ambayo watu wengi wa Mbeya na Iringa huiona kuwa ni kazi ya mtu aliyekosa shule, nayo ni kazi ya samaki. Tena twataka kueleza jinsi elimu ya kazi hiyo ipatikanavyo vyuoni, na faida yake kwa kijana atakayeifuata. Twajua ya kuwa wako wazee watakaocheka. Watasema, "Je, mtoto amalize kidato cha nne, kisha nimlipie karo akafundishwe kuvua? Wavuvi wa Kyela walisoma chuo gani?" Swali hilo ni la haki, na mzazi atoaye fedha zake hana budi kuliuliza. Basi mazungumzo yetu yote ya leo ni jibu la swali hilo.

Kwanza na tuitazame nchi yetu. Mtu akiitaja Mbeya, wengi hufikiri mahindi, viazi, kahawa, chai na ndizi. Ni wachache wafikirio samaki. Lakini nchi hii ina maji pande zote. Kusini liko Ziwa Nyasa, ambalo pwani yake ya Kyela ina usipa, mbasa, kambale na perege. Kaskazini-magharibi liko Ziwa Rukwa, ziwa la kina kifupi lisilo na mto wa kutoka, ambalo mara hujaa na mara hupungua sana. Upande wa Usangu vijito vingi hukutana vikafanya Ruaha Mkuu, na mto huo huteremka hata Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya umeme, kisha likawa mahali pa uvuvi pia. Na katika milima ya Rungwe na Uporoto chemchemi ni nyingi, na baadhi yake hazikauki hata wakati wa kiangazi.

Maji basi tunayo. Lakini kuwa na maji si kuwa na samaki, kama vile kuwa na ardhi si kuwa na mahindi. Hapo ndipo elimu inapoingia.

Na tuchukue mfano mmoja tu, nao ni baridi. Mji wa Mbeya umo juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini, mita 475 hivi. Kwa gari ni safari ya saa chache, lakini kwa samaki ni nchi mbili mbalimbali. Perege hupenda maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi. Maji yakipoa chini ya nyuzi 20, hula kidogo na kukua polepole. Yakizidi kupoa hata nyuzi 16 hivi, huacha kula. Sasa mfikirieni mkulima wa Uyole aliyesikia ya kuwa watu wa nchi ya joto huvuna perege katika miezi sita. Achimba bwawa, anunua vifaranga, awalisha pumba kila siku. Miezi sita yapita, yenye baridi ya Juni na Julai ndani yake, naye avuta wavu na kukuta samaki wadogo kama vidole. Atasema nini? Atasema muuzaji wa vifaranga alimdanganya, au jirani amemfanyia jambo. Wala hakudanganywa na mtu, ila hakujua kuupima mwezi wa kuanza, wala kina cha maji, wala aina ya samaki ifaayo mahali pake. Kipimajoto cha bei ndogo kingalimwambia yote kabla hajashika jembe.

Baridi hiyo hiyo imdhuruyo perege humfaa samaki mwingine, yaani trauti, ambaye hutaka maji safi yaendayo mbio, yasiyozidi nyuzi 20 hivi. Samaki huyo si wa asili ya Afrika ya Mashariki. Kule Kenya aliletwa kutoka Uskochi mwaka 1905, na baadaye, zama za utawala wa wageni, akatiwa katika mito ya milimani ya Tanganyika pia, na mto wetu wa Kiwira ni mmojawapo. Aliletwa kwa ajili ya mchezo wa kuvua kwa ndoana, si kwa ajili ya kitoweo cha wanakijiji. Hata hivyo habari hii yatufundisha neno: samaki na maji hulingana kama mbegu na udongo, na kazi ya mtu aliyesoma ni kuvilinganisha.

Ufugaji wa perege katika mabwawa, kama tuujuavyo leo, nao si wa zamani sana kwetu. Majaribio ya kwanza yajulikanayo ya Tanganyika yalifanywa mwaka 1949, huko Korogwe katika Tanga na Malya katika nchi ya Mwanza. Baada ya hapo mabwawa mengi yalichimbwa, na mengi yakaachwa. Ukitembea vijijini utaona mashimo yaliyoota magugu, ambayo hapo kwanza yalikuwa mabwawa ya samaki. Watu walipewa majembe na vifaranga, lakini maarifa ya kuyatunza hayakutosha. Ukame nao ulimaliza mengine. Jambo hili wazee waliulizao swali letu walikumbuke: babu zetu walivua, wala hawakufuga. Kuvua hufundishwa na baba ndani ya mtumbwi. Kufuga samaki ni kilimo kipya, na kilimo kipya hutaka mwalimu.

Haya, chuoni hufundishwa nini? Tutataja machache ili msikilizaji aone kwamba si maneno matupu.

Hufundishwa maji. Mwanafunzi hujifunza kwamba samaki huvuta hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini, na kwamba mimea midogo mno ya kijani, isiyoonekana moja moja kwa macho, huitoa hewa hiyo mchana kwa nguvu ya jua. Usiku mimea hiyo haitoi, bali yenyewe huitumia. Ndiyo sababu katika bwawa lililotiwa samadi kupita kiasi samaki huonekana alfajiri wamepanda juu, wanapumua kwa shida kwa midomo, na pengine hufa wote siku moja. Asiyejua hudhani wametiliwa sumu. Ajuaye hufungulia maji mapya na kuacha kutia mbolea. Kipimo chake chepesi ni mkono: mtu huuzamisha mkono mpaka kiwiko, na kama kiganja kikianza kupotea machoni kwa ukijani wa maji, mbolea yatosha.

Hufundishwa uzazi. Perege huanza kuzaa angali mdogo sana, na jike hulinda mayai na watoto kinywani mwake, hata wengi huishi. Mtu akifuga madume na majike pamoja, baada ya miezi michache bwawa hujaa watoto, chakula hakitoshi, wote hudumaa. Dawa yake ni kufuga madume peke yao, maana hao hukua upesi zaidi. Au kuwatia kambale wachache ili wale watoto wazidio. Lakini kambale akitiwa mapema mno, akiwa mkubwa kuliko vifaranga, atawala hao hao tuliowanunua. Kambale mwenyewe katika bwawa huzaa kwa shida, kwa hiyo wanafunzi hufundishwa kumfanya jike atage kwa kumchoma sindano ya homoni, na katika maji ya joto mayai hutotolewa kwa siku moja hivi.

Hufundishwa hesabu. Enyi wanafunzi, twaeni kalamu. Bwawa la mita 10 kwa 15 lina mita za mraba 150. Tukitia vifaranga watatu kwa kila mita ya mraba, tutatia 450. Wakifikia uzito wa gramu 50 kila mmoja, wote pamoja ni kilo 22 na nusu. Na tukiwalisha asilimia nne ya uzito wao kwa siku, chakula cha siku ni gramu 900. Haya, tuseme tumevuna 360, kila mmoja gramu 250: hizo ni kilo 90. Kama kila kilo ya samaki ilitumia kilo mbili za chakula, tulitumia kilo 180. Sasa kaulizeni sokoni bei ya pumba na mashudu, na bei ya kilo ya samaki, mkatoe. Jibu ndilo litakalowaambia kama bwawa ni mali au ni mchezo. Watu wengi walichimba kwanza, wakahesabu baadaye. Mtu aliyesoma hufanya kinyume.

Hufundishwa pia kuhifadhi. Usipa wa Ziwa Nyasa huvuliwa usiku kwa taa, na mchana huanikwa. Wakianikwa juu ya mchanga hupata taka, na mvua ikinyesha huoza, hata kazi ya usiku mzima ikawa chakula cha nzi. Wakianikwa juu ya chanja hukauka upesi, tena huwa safi, nao hupata bei njema. Kwa hiyo mtu aweza kuongeza mali ya kijiji pasipo kumvua hata samaki mmoja zaidi.

Na mwisho hufundishwa sheria. Iko Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na iko Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Maji ya mto si ya mtu mmoja. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, nao ulikuwa mto usiokauka. Kilimo cha umwagiliaji cha huko juu Usangu kimetajwa sana kuwa sababu yake. Basi mwenye kutaka kugeuza kijito kwenda bwawani kwake sharti aombe kibali katika ofisi ya bonde lake. Bonde la Rufiji lina ofisi yake Iringa, Bonde la Ziwa Rukwa Mbeya, na Bonde la Ziwa Nyasa Tukuyu.

Lakini liko jambo kubwa kuliko haya yote, nalo ndilo litufanyalo tuseme kwamba elimu hii si ya anasa. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara alitiwa katika Ziwa Victoria. Baadaye alizaana mno, viwanda vikajengwa, fedha nyingi zikapatikana. Lakini furu, wale samaki wadogo wa ziwa hilo ambao walikuwa wa aina mamia, walipungua sana, na aina nyingi hazikuonekana tena. Samaki akiisha kutiwa ziwani hawezi kuitwa arudi.

Sasa Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine po pote duniani. Kina chake ni mita 700 hivi, lakini samaki huishi katika sehemu ya juu tu, kadiri ya mita 200 hivi, kwa kuwa chini ya hapo oksijeni haipo. Basi ziwa hilo si ghala lisilo na mwisho, kama watu wadhanivyo wakitazama ukubwa wake. Mbasa naye hupanda mitoni wakati wa mvua ili atage. Mtu akiuziba mlango wa mto kwa nyavu, amewala wazazi na watoto kwa siku moja. Tena mtu wa Rungwe akifuga sato, ambaye si wa asili ya ziwa hili, na mvua ikalibomoa bwawa lake, samaki wataingia kijitoni, na kijito kitawapeleka Kiwira, na Kiwira utawapeleka ziwani. Huko waweza kuchanganyika na perege wa asili, na uzao wa asili ukaharibika. Bwawa moja la mtu mmoja asiyejua laweza kuwadhuru wavuvi wa pwani nzima, hata wa nchi za jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huu ni ufa ambao ukuta wake hakuna awezaye kuujenga.

Ndilo jibu letu kwa mzee aulizaye wavuvi wa Kyela walisoma chuo gani. Hawakusoma, kwa sababu walikuwa wachache, nyavu zao zilikuwa za kamba za miti, na ziwa liliweza kuwavumilia. Leo watu ni wengi, nyavu ni za nailoni, mitumbwi mingine ina mashine, na wengine huvua hata kwa vyandarua. Nguvu zimeongezeka, maarifa yasipoongezeka pamoja nazo, samaki watakwisha.

Elimu yenyewe hupatikana wapi? Serikali ya Tanzania ina Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kwa kifupi FETA, iliyoanzishwa mwaka 2011. Wakala hii ina kampasi Mbegani karibu na Bagamoyo, Nyegezi katika Mwanza, Kibirizi katika Kigoma, na Mikindani katika Mtwara. Humo hutolewa astashahada na stashahada za uvuvi, za ufugaji wa samaki, na za kuhifadhi na kukagua mazao ya samaki. Atakaye shahada aweza kwenda Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huko Morogoro, kilichofunguliwa mwaka 1984, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tena viko vituo vya serikali vya kukuzia vifaranga, kama Kingolwira karibu na Morogoro, na Ruhila huko Songea. Mwanafunzi wa kwetu aweza kwenda kutazama kabla hajaamua.

Mwaona ya kuwa mahali hapo pote ni mbali na Mbeya. Hatutaki kuwaficha wazazi jambo hili. Mtoto atasafiri mwendo mrefu, atataka nauli, malazi na chakula, na huenda baba akalazimika kuuza ng'ombe. Kwa hiyo maandalio na yaanze mapema. Kijana wa kidato cha kwanza au cha pili atakaye kazi hii asiache biolojia, kemia, jiografia na hesabu, maana masomo hayo ndiyo mlango wake. Samaki mkunje angali mbichi. Aliyeyakimbia masomo ya sayansi akiwa mdogo hataweza kuyapata kwa pupa siku ya kuomba chuo.

Nao wasichana wasiambiwe kwamba hii ni kazi ya wanaume. Pwani ya Kyela ni nani waanikao usipa? Ni nani wauzao sokoni? Wanawake ndio wengi. Basi ni haki binti zao nao wajifunze kuikagua bidhaa hiyo, kuihifadhi na kuitafutia soko la mbali.

Baada ya chuo kazi ni za namna nyingi. Wako maafisa uvuvi wa halmashauri, wafundishao wavuvi na wafugaji kama Bwana Shamba afundishavyo wakulima. Iko Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iitwayo TAFIRI, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1980, nayo ina kituo Kyela kwa ajili ya Ziwa Nyasa. Viko viwanda vitakavyo wakaguzi. Lakini tuseme kweli: serikali haiwezi kumwajiri kila ahitimuye, na kijana aendaye chuoni kwa tamaa ya meza na kiti aweza kurudi na karatasi tu. Aendaye kwa nia ya kufanya kazi kwa mikono yake ana njia nyingi zaidi. Wafugaji wa Nyanda za Juu hupata taabu kupata vifaranga vizuri, vya umri mmoja, vya aina ijulikanayo. Anayeweza kuvikuza na kuviuza kwa uaminifu hatakosa wateja. Kadhalika chakula cha samaki: pumba za mpunga ziko Usangu na Kyela, mashudu ya alizeti yapatikana Iringa, na usipa uko ziwani, ajuaye kuvichanganya kwa kipimo amepata duka.

Basi twawapeni shauri. Wewe kijana, kabla hujaandika barua ya kuomba chuo, fanya mambo matatu. Nenda kwa Afisa Uvuvi wa wilaya yako umwulize kazi yake ilivyo, mema yake na mabaya yake. Tafuta mtu mwenye bwawa, umwombe umsaidie tangu kutia vifaranga mpaka kuvuna, ili ujue kama waweza kuvumilia matope na baridi ya alfajiri. Tena shika daftari, uandike kila siku joto la maji, chakula ulichotoa, na samaki waliokufa. Ukiisha kufanya hivyo kwa msimu mmoja, utaingia darasani na maswali yako mwenyewe, na mwanafunzi mwenye maswali hujifunza mara mbili ya mwenziwe.

Nanyi wazazi, mtoto akiwaambia ataka kusoma habari za samaki, msimcheke. Mwulizeni ataka kusoma nini hasa, wapi, kwa gharama gani, na akirudi atafanya kazi gani hapa kwetu. Akiweza kujibu, mpeni mkono wenu. Akishindwa, mpeni muda akatafute majibu, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Maji ya Rungwe yateremka usiku na mchana kwenda ziwani. Yatapita na hasara au yatapita na faida, kwa kadiri ya maarifa ya watu waishio kando yake.